Huu ni Mchanga Tu

Nyakwara Ouma, mjukuu wangu,

Hapa Homa Bay tuko wazima. Nyanyako anakusalimu, na mimi bado ndiye mzee mtanashati zaidi sokoni.

Unauliza ufanye nini, wanafunzi wa kidato cha nne wakikulazimisha kupigana na rafiki yako bwenini, na walimu wanaiita desturi. Desturi gani? Mavi ya ng'ombe!

Sisi pia, utotoni tukichunga ng'ombe, wavulana wakubwa walirundika mafungu mawili ya mchanga ili mimi na rafiki yangu tupigane: "Hili titi la mama yako, hili la mama ya Odhiambo. Nani atabomoa la mwenzake?"

Odhiambo, rafiki yangu huyo, akacheka. "Mama zetu wako nyumbani wanapika. Huu ni mchanga."

Akanishika mkono, tukaondoka. Walitufuata na fimbo, hayo tuyaache.

Nimefika Kampala na Mwanza, sijaona mwanaume kama yule. Usimpige mwenzako. Jumamosi nakuja kwa hao walimu, na sauti yangu unaijua.

Babu yako