Suti ya Kijivu

Baba yangu,

Nimekukasirikia tangu Jumamosi tulipokuzika, na sitangoja hasira ipoe ndipo nikuandikie.

Unakumbuka baraza ya duka lako pale Kaloleni? Mimi nimekaa chini nashona vifungo, wewe uko kwenye cherehani na suti zako za mikono mifupi, zile za mifuko minne. Miaka ya themanini kila mwalimu alikuwa nayo. Ulikuwa ukiimba ukikata kitambaa, na mimi nilikupenda sana.

Halafu mitumba ikafika. Marobota yakafunguliwa sokoni Kibuye, watu wakajichagulia suruali kwa bei ya vifungo vyako tu. Duka likanyamaza. Lakini jirani yetu Mzee Ochieng hakuacha kupita. "Bwana fundi, Kisumu hii hakuna mkono kama wako." Nawe unanigeukia: "Umesikia, nyara, binti yangu?"

Nilisikia. Mama pia alisikia, akakwambia, "Baba Akinyi, huyo anakusifu na shati yake ni ya mtumba."

"Hiyo ni ya kazi tu. Ya kanisa atashona kwangu."

Kila kitu ulikigeuza mpaka kikubaliane nawe. Chifu mmoja wa Sondu alishona kwako suti moja, ukamtaja mwaka mzima. Wale waliopita mlangoni kila siku na mifuko ya mitumba hukuwaona. Mama akisema, eti hajui biashara. Ochieng akisema, huyo ni mteja. Mteja gani, Baba? Alinunua nini?

Kisha ukachukua karo yangu ya kidato cha tatu ukanunua majora ya kitambaa cha kijivu. "Krismasi wateja watarudi," ukasema. Hawakurudi. Mimi pia sikurudi shuleni, na hilo linaniuma hadi leo. Kufa kwako hakujalipunguza.

Nikaenda Kibuye kuuza mitumba. Ukaacha kunisemesha, lakini unga nilionunua ulikula.

Jumamosi watu walijaa uani. Ochieng alisimama kando ya jeneza akasema hajatokea fundi kama wewe, wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nikiangalia nguo zao. Koti la Ochieng nilimuuzia mimi.

Tulikuzika na suti yako ya kijivu. Katika umati wote ule, uliyevaa kitambaa chako ni wewe peke yako.

Lala, Baba.

Ni mimi binti yako, muuza mitumba