Usiongeze Chumvi

Mpendwa mwanangu Kemunto,

Samaki wako yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungemuulizia yeye kabla hata ya kumuulizia baba yako.

Nakuandikia wazi hivi kwa kuwa simu yako siku hizi hupokewa na mtu mwingine. Naye akiisoma barua hii, aisome.

Nakumbuka asubuhi uliyotufikia hapa Ekerenyo kutoka Mombasa, jicho moja limevimba, umekumbatia ndoo yenye kifuniko. Nilidhani umetuletea nazi. Kumbe ni samaki, mdogo kuliko kidole gumba changu, ana michoro ya buluu na chungwa kama leso mpya. Baba yako alichungulia, akauliza, "Hii samaki ni ya kupika ama ni ya kuangalia?" Nikamwambia haina magamba, na sisi Wasabato hatuli hiyo, basi imepona. Ulicheka, Kemunto. Tangu uingie hukuwa umecheka.

Ukamweka sebuleni kwenye kisanduku cha kioo, ukanifundisha kumlisha. Chakula kilichokufa hakigusi! Mheshimiwa anataka vijidudu vinavyotembea, tena vya kuanguliwa ndani ya chupa ya soda kando ya jiko. Nilikutania kwamba hata mama mkwe wangu hakunisumbua hivyo. Jioni ulikuwa ukikaa mbele ya kioo ukimtazama akidonoa, na uso wako nao ulikuwa ukirudi kidogo kidogo.

Kisha yule mume wako akapiga simu, akalia, akaahidi. Uliniachia ndoo ya chumvi ya samaki na maneno machache: "Nitakuja kumchukua, Mama." Hujaja.

Kiangazi kilipoingia, maji yakashuka kwenye kioo. Nikawaza kama mtu yeyote wa huku kwetu kwenye chai na ndizi: samaki wa bahari akipungukiwa na maji, aongezewe maji ya chumvi. Nikaongeza. Yakashuka tena, nikaongeza tena. Akaacha kula, akalala mchangani akihema. Nikakupigia, akapokea yeye, akasema umelala. Umelala, saa ya chakula cha mchana! Baadaye ulinipigia mwenyewe, ukinong'ona: "Mama, usiongeze chumvi. Maji ndiyo huondoka, chumvi inabaki. Mpe maji ya mvua tu, pole pole."

Nikauliza, "Na wewe, uko sawa?"

Simu ikakatika. Sijaisikia sauti yako tena.

Nilifanya ulivyosema. Jana aliinuka, akadonoa. Nilifurahi, halafu hasira ikanishika, kwa sababu yeye amepona na wewe sijui uko katika hali gani. Naogopa, mwanangu. Simu ikilia na namba siijui, nasali kwanza ndipo napokea.

Nikiwa pale mbele ya kioo nawafikiria wote wanaokuongezea chumvi. Shangazi yako anasema ndoa ni kuvumilia. Mzee wa kanisa anataka mkae chini tena mzungumze. Majirani wanauliza eti utarudi nyumbani mara ngapi. Mimi sina la kuongeza. Sitakuuliza kwa nini ulimrudia. Sitakuuliza hata ukishuka pale steji na jicho la pili limevimba.

Mvua zimeanza na ndoo zangu zimejaa. Baba yako, ambaye unajua hasemi mengi, alimwita fundi wiki iliyopita akabadilisha mlango wa chumba chako. Nilimuuliza mbona komeo limewekwa upande wa ndani peke yake. Akasema, "Ndiyo afunge mwenyewe, na afungue akitaka."

Njoo hata bila mzigo. Nakuacha mikononi mwa Mungu, kwa sababu mikono yangu haifiki huko.

Ni mimi,
Mama yako