Kwa Mama, Aliyechoma Shamba Lake Zahanati Isiungue

Mwaka umetimia, Mama, tangu presha ikuchukue ghafla ukiwa kwenye cherehani yako kibarazani, sare ya shule ya mtoto wa jirani ikiwa na mkono mmoja tu. Tuliimalizia sisi. Mkono wa pili umekaa upande kidogo. Ungekuwepo ungetufumulisha wote.

Wateja walikuita fundi. Kijiji kilikuita Kamanda, kwa sababu ya kikosi chako cha kujitolea cha kuzima moto, kikosi kisicho na gari wala mshahara. Kilikuwa na mafyekeo, majembe, magunia ya kulowesha, na sauti yako.

Kiangazi kikianza ulikuwa hukaliki. Ulipita nyumba kwa nyumba, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, ukikagua nyasi zilizokaribia kuta na majani makavu yaliyolala juu ya paa.

"Karibu chai, Kamanda."

"Chai baadaye. Pipa la maji liko wapi?"

Wengine wakikuona kwa mbali tu walikimbilia fyekeo. Wifi yako, shangazi yetu, alikuwa akikutania: "Wewe ukifika mbinguni utauliza ndoo ziko wapi." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukamwambia akafyeke nyuma ya choo chake.

Siku ile ya upepo mkali, mtu alikuwa akisafisha shamba ng'ambo ya kilima, moto ukamponyoka. Ulitupa mkasi ukatoka mbio, huku ukiita watu kwa majina, mlango kwa mlango. Tulijipanga kwenye ule mkanda mpana wa kuzuia moto uliotusumbua tuufyeke tangu mvua zilipokatika. Tukaupiga moto kwa magunia mpaka mikono ikafa ganzi, nao ukaanza kunywea. Tukadhani tumeshinda.

Ndipo upepo ukageuka. Moto ukaruka mkanda, ukashika njia ya kwenda zahanati, na mle ndani kulikuwa na wazazi wenye vichanga, na mmoja alikuwa kwenye uchungu. Kati ya moto na zahanati kulikuwa na kitu kimoja tu: shamba lako la mahindi, limekauka, linasubiri kuvunwa.

Ulilitazama shamba lote. Kisha ukasema, "Tulichome. Tuanzie huku kwenye njia ya zahanati, ule moto ukifika usikute cha kula."

Baba akakushika mkono. "Mama watoto, haya ndiyo mahindi yetu ya mwaka mzima."

"Najua, baba watoto. Niliyapalilia mimi." Ukamtazama. "Nipe kiberiti."

Akakupa. Tunataka watu walijue na hilo: alikupa mwenyewe, bila kunyang'anywa.

Tulisimama kwenye njia na magunia yetu mabichi, tukizuia moto uliouwasha usirudi nyuma yetu, nao ukatambaa polepole kwenye mabua kuelekea ule mkubwa. Mioto hiyo miwili ilipokutana kulitokea mngurumo ambao hatujausikia tena. Baadaye ukabaki moshi, na watu wakikohoa.

Muuguzi alitoka mlangoni amejifunga kanga puani. "Kamanda! Ni msichana! Wote wazima!"

Ulicheka, uso mweusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana. Halafu ukakaa chini kwenye majivu ukayalilia mahindi yako. Hatukuwahi kukuona ukilia. Siku ile tulikupenda zaidi ya tulivyowahi kukuambia.

Majirani walipoanza kuleta mahindi, mmoja debe, mwingine kikapu, ulitaka kukataa. Shangazi ndiye aliyekukalia kooni: "Pokea, wifi. Wewe ulipotuzimia moto, sisi hatukukukatalia." Ukapokea. Tukala mpaka msimu mwingine.

Sasa tukupe habari. Kiangazi hiki moto ulikuja tena, safari hii kutoka upande wa mtoni. Tuliogopa, maana tulikuwa hatujawahi kuukabili bila wewe. Lakini tulipofika, nyasi zilikuwa zimeshafyekwa, mapipa yamejaa, na kila mtu alikwenda moja kwa moja mahali pake. Baba alishika pembe ya mbele, pale palipo na joto kuliko pote. Shangazi alipiga kelele kuliko wanaume wote. Hakuna aliyeuliza nani atoe amri.

Haikuungua nyumba hata moja, Mama. Tulitaka ulisikie hilo kutoka kwetu.

Unakumbukwa na mumeo, fundi seremala, ambaye bado anajibu ukitajwa kana kwamba umemtuma. Na wanao, dereva, mwalimu na kitinda mimba wako. Na wakwe zako, wajukuu, wifi yako asiye na mtu wa kumtania, na wenzako wote wa kikosi.

Hatujakusahau hata siku moja, na hatuna nia ya kuanza.