Unga Ulioshika Manjano

Rwezamenyo, Kigali

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Naanza na hilo kwa sababu kwenye simu unasema "mzima" huku nasikia kikohozi. Moshi wa kukaangia karanga haukuachi. Mimi sijambo, ila Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, fundi cherehani, havumilii ukimya wangu.

"Mwalimu, jua iko bure," ananiambia. "Wewe unaifundisha nini?"

Nafundisha unga, Mama, ule mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta. Ukiwa majini na kupigwa na mwanga, huyavunja maji yakatoa haidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Lakini hupokea miale tusiyoiona tu, sehemu ndogo ya jua. Ukichomwa pamoja na yurea, ile mbolea, hugeuka manjano na kuanza kupokea mwanga wa kawaida.

Wangu kila mara ulitoka mweupe. Profesa anayenisimamia alisema wakaguzi wakija nami sina gesi, mradi unafungwa. Ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, maabara ilifungwa, mtaa mzima tukazibua mitaro. Baadaye Bi Zuhura akatukaangia karanga. Zikaungua.

"Nilitaka zikauke muzuri!" akajitetea.

Nilicheka na wenzangu, kisha nikakukumbuka, Mama. Wewe huziepua zikiwa bado nyeupe, maana huendelea kuiva zenyewe. Mimi kila nilipokosa niliongeza moto, nikidhani unga haujaiva. Kumbe nilikuwa naifukuza rangi yenyewe.

Jumatatu nikapunguza moto. Unga ukatoka wa manjano hafifu, kama siagi. Tukautia kwenye chupa ya maji mbele ya taa. Mukamana, mwenzangu aliyekulia Uganda, akaweka kioo cha kuzuia ile miale isiyoonekana. "Tusijidanganye, dada."

Mashine ya kupima gesi ikaonyesha haidrojeni. Hatukushangilia. Nikaifunika chupa kwa foili, gesi ikakoma. Nikaifunua, ikarudi. Mukamana akaketi sakafuni. "Yego," akasema, "ndiyo, sasa piga kelele."

Nikapiga.

Ni kidogo mno, haichemshi hata kikombe cha chai. Lakini wakaguzi wamekuja, wameona, na mradi unaendelea. Nabaki, Mama. Jiko lisilo na moshi bado liko mbali. Kwa sasa, tafadhali, kaangia nje.

Msalimie baba mdogo anayesema nachemsha maji bila moto, na dada pamoja na kichanga chake. Bibi mwambie nakula vizuri.

Mwanao, mkaanga unga,
Rehema