Bolti Iliyolazwa Jivuni

Nguvumali, Tanga

Kaka yangu Juma,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba kifua cha mama sasa kinampa nafasi ya kulala. Mimi sijambo, na mkono wangu wa kulia umepona. Mwandiko unauona mwenyewe. Barua ya mwezi uliopita aliniandikia Mhando, rafiki yangu Mzigua niliyekusimulia. Kwa kuwa kalamu ilikuwa yake, sikuweza kukwambia nani aliyeniumiza. Ni yeye.

Unajua Wazigua ni watani zetu sisi Wanyamwezi. Siku niliyoingia karakana ya shamba la mkonge alininyang'anya kofia, akasema mpagazi hahitaji kofia, anahitaji mzigo. Nikamwita mwizi wa kuku, tukacheka, tukawa ndugu. Jioni tukawa tunajizoeza kukunja chuma nyuma ya chumba changu, tumekizungushia kitambaa kisitutoboe viganja.

Mimi nilipenda msumari mrefu. Una pa kushika, unakubali polepole, na unausikia unapoanza kulegea. Mhando alitaka bolti. Bolti ni fupi na nene, ila kichwa chake kinakaa vizuri kiganjani, na ikikubali hukunjikia pale nyuzi za kukazia nati zinapoanza. Tulibishana hadi majirani wakatuchoka. Lakini bolti zilimshinda, kaka. Nikamhurumia, nikamfundisha kazi ya marehemu baba: chuma kikipikwa mpaka kiwe chekundu, kikalazwa jivuni kipoe taratibu, hulainika. Nikamwambia aanzie hizo laini, kisha apande kwenye ngumu.

Idd ilipokaribia, vijana wa mtaa wa Mabawa walituomba tuoneshe nguvu kwenye ngoma yao, maana wapinzani wao wa Chumbageni walikuwa wakijitapa mno. Tukapatana: mimi msumari, yeye bolti, mtu asiingilie cha mwenzake.

Watu walijaa. Mhando akatangulia, akakunja bolti yake, vigelegele vikapigwa. Nikatoa msumari wangu. Akanishika mkono, akawageukia watu.

"Jamani, huyu Mnyamwezi kaja na msumari wa kupigia sanduku! Shika chuma cha kiume, mpagazi wee!"

Akanitia bolti nyingine kiganjani. Ningefanya nini? Mtani akikupa kitu mbele za watu, ukikichunguza au ukikirudisha umeshakasirika, na anayekasirikia utani ndiye mjinga. Nikaizungushia kitambaa, nikaikaza kifuani. Haikutikisika. Nikaongeza nguvu, kifundo cha mkono kikateguka, bolti ikaanguka imenyooka vilevile. Chumbageni walicheka mpaka wakakaa chini, na Mabawa wakacheka nao. Tangu hapo mtaa mzima wananiita Sanduku.

Nilipoinama kuiokota niliiona na ile ya Mhando. Imeungua rangi, na ndani ya nyuzi mna jivu. Yangu ilikuwa bado ina mafuta ya mashine. Wewe ni mtoto wa mhunzi, sina haja ya kukueleza zaidi.

Halafu yeye ndiye aliyenipeleka kwa mkandaji wa viungo, ndiye aliyenipikia na kunifulia. Siku moja nikamwuliza kwa nini alipika yake, yangu akaiacha.

"Aa, mtani wangu! Si utani huo? Au huko kwenu siku hizi mwawakasirikia watani?"

Nikacheka, kaka, kwa sababu ilinipasa. Lakini nimeumia, na si mkono. Angenivua kanzu sokoni ningecheka kwa moyo mmoja, ni haki yake. Ile kazi ya baba sikumpa mtani, nilimpa ndugu, naye akaichukua akanifanyia kichekesho. Na sina pa kumshtaki. Wazee wa kwao na wa kwetu wote watasema ni utani.

Mnisalimie mama, asiambiwe habari hii. Shemeji na watoto nawapa mkono. Mjomba anayevukuta mivukuto ya baba mwambie asimwoneshe mgeni kazi ile.

Jana Mhando alikuja, akaninyooshea mkono wa salamu kama kawaida. Nikampa wa kushoto. Kwa watu wa hapa hilo ni tusi kubwa, ila yeye aliupokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa huruma wa kulia utapona lini.

Nikamwambia, "Mungu akijalia."

Mdogo wako akupendaye,
Ramadhani