Fabrice, Ulikwenda Nyanja, Hukwenda Baharini

Fabrice Nizigiyimana, mwaka umetimia tangu utuache, na jirani yetu Wiston bado ana hadithi yake. Anaisimulia hapo hapo Nyakanazi, kwenye benchi la wauza vocha, kwa madereva ambao hata hawakukujua. Anasema wewe na mkeo mlitoroka Jumamosi mkaenda baharini. Mkapokelewa na wenyewe wa huko, majini, mkaahidiwa mali, mkaambiwa mmoja wenu ndiye atakayelipa. Anasema mkeo alishuka garini na kidumu cha maji ya bahari, akayanyunyiza kwenye banda lako la pancha, na hazikupita siku nyingi ukafa.

"Watu hawaendi baharini bure," anawaambia. "Kule kuna wenyewe."

Wanaomsikiliza wanaguna, kisha wanaupita mgahawa wangu bila kukaa.

Mwaka mzima mimi mkeo Irine nimenyamaza. Nimeosha vyombo, nimemwangalia Wiston anavyopunguza sauti nikikaribia na anavyoipandisha nikigeuka. Lakini kunyamaza kwangu kumekuwa ushahidi wao. Sasa dada yako Kaneza na baba mdogo Sostenes wameniambia, "Andika wewe, ndiwe uliyekuwa naye." Basi naandika, nawe ulikuwepo, unajua kama naongeza.

Ilikuwa Jumamosi, maharage yako jikoni hayajaiva. Ulikuja mbio kutoka bandani, mikono bado myeusi kwa grisi.

"Irine, vaa viatu. Twende."

"Twende wapi na jasho hilo?"

"Nyanja! Kuna Fuso nimeizibia tairi, inakwenda Nyamirembe kuchukua dagaa. Dereva kasema tupande mbele, kesho anaturudisha."

"Na maharage?"

"Maharage hayana miguu, tutayakuta."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu unioe nilikuwa nakutania, mtu mzima mwenye ndevu hujaiona nyanja, umezaliwa milimani Murukulazo maji unayajulia kwenye ndoo. Kumbe maneno yangu yalikuwa yamekukaa moyoni. Nikamwachia Kaneza mtoto wetu Keza na chungu, nikavaa gauni la kanisani, tukaondoka. Hatukumuaga mtu kwa sababu hatukuwa na safari. Tulikuwa na furaha tu. Wiston anaita hiyo kutoroka.

Tulipofika ulisimama ukashika mkono wangu kama mtoto anayevushwa barabara. "Irine, mbona haina ng'ambo?" Ukakunja suruali, ukaingia maji ya magoti, hukuthubutu kuzidi hapo. Ukachota kwa kiganja ukaonja, ukakunja uso. "Mbona haina chumvi?"

Wale kina mama waliokuwa wanapaa samaki wakaangua kicheko. "Shemeji, hayo ndiyo ya kupikia ugali! Ya chumvi kayafuate Dar!"

"Basi nimedanganywa," ukawaambia. "Nirudishieni nauli yangu."

"Nauli gani na wewe umekuja kwa lifti? Njoo tukupe mke, hapa utaonja kila siku."

"Huyu mmoja tu ananishinda," ukasema, ukanivuta nikalowa gauni lote. Jioni tulikula sato wa kuchoma, tukalala gesti. Asubuhi ukarudi majini tena, magoti yale yale. Ndiyo bahari yetu hiyo. Aliyewahi kuona jini katika hayo atuonyeshe.

Sasa niseme kosa lilipoanzia, maana lilianza kwa furaha. Ulimpigia mama simu ukiwa bado umesimama kwenye maji. Mmezoea kuongea lugha yake, ile aliyokuja nayo kutoka Rwanda. Ukapiga kelele, "Mama, ndi ku nyanja!" yaani niko nyanja. Kwetu sisi Wasubi wa Biharamulo, nyanja ni ziwa, hili hili Viktoria. Lakini kwa mama yako ziwa ni ikiyaga, na nyanja ni bahari. Ungemwambia ikiyaga tusingefika hapa. Ila neno la kwangu lilikuwa limekushika ulimi, ukalitia kwenye lugha yake. Mama akapiga vigelegele shambani. Gulio lililofuata akawaambia watu wote, "Mwanangu kaikanyaga bahari!" Alikuwa anajivuna, simlaumu. Mama gani hajivuni?

Neno likashuka na wauza ndizi mpaka Nyakanazi. Ulipokuwa hai watu walikuita Mzee wa Pwani, ukacheka nao. Ulipokufa, neno lile lile wakaligeuza kisu.

Nawe hukuuawa na bahari, Fabrice. Uliuawa na ringi ya tairi la lori. Uliiona imeliwa na kutu, ukamwambia dereva wa lori hilo, "Hii siwezi kuijaza upepo, itaruka." Akakuambia, "Jaza tu kaka, nina haraka, mbona wenzako wanajaza?" Ukamkatalia, akakuita mwoga mbele ya watu. Ukajaza. Ikaruka. Wa kwanza kufika alikuwa Wiston. Yeye ndiye aliyeibeba miguu yako kukupandisha kwenye gari la hospitali. Aliiona ringi ile imelala pale, nusu kutu nusu chuma. Dereva aliyekuharakisha hatajwi. Kutu haitajwi. Anatajwa mwanamke aliyelowa gauni ziwani!

Na kidumu, Wiston? Kidumu kilikuwa na mafuta ya sangara. Ndiyo yaliyokaangiwa zile ndizi ulizokula kwetu Jumatatu yake, ukajilamba vidole ukasema, "Shemeji, niongezee." Kama yalikuwa maji ya majini, yamo tumboni mwako mpaka leo. Na mgahawa unaosema ni mali ya baharini ni mabenchi na sufuria. Pampu yako ya upepo, Fabrice, ndiyo tuliyouza tukanunulia, baba mdogo Sostenes akiwepo. Ningefanya nini, nimpe Keza tairi ale?

Samahani Fabrice. Hukupenda kelele. Mimi nikigombana na mtu ulikuwa unakuja kusimama mlangoni, unapiga mluzi mpaka ninachoka mwenyewe. Siku hizi hakuna anayepiga mluzi, ndiyo maana nasema mpaka mwisho.

Tunakukumbuka ulivyokuwa unawajazia wanafunzi upepo kwenye baiskeli, wakikuuliza bei unawaambia, "Niimbie hesabu ya mara saba." Tunakukumbuka ulivyosugua mikono kwa sabuni na mchanga kabla ya kumbeba Keza, na bado akabaki na alama ya kidole chako kwenye kila gauni. Kuna moja sijalifua, alama ile bado ipo. Kaneza anakumbuka ulivyomsomesha cherehani ukasema usisemwe. Mimi nakukumbuka umesimama majini, huendi mbele hurudi nyuma, unacheka peke yako. Sikupata kukuona na raha kama ile. Nani kawapa ruhusa waniharibie siku hiyo? Walichokuwa nacho cha kunisema ni kingi. Ile moja wangeniachia.

Kukusahau hatuwezi, hata watu wakitutaka tukukumbuke kwa aibu. Wanaokukumbuka ni mkeo Irine, binti yako Keza, dada yako Kaneza, baba mdogo Sostenes, wakwe zako wote wa Kaniha, na mafundi wenzako walioiona ile ringi na wanasema ukweli.

Jina la mama yako halipo hapo, nawe utaniuliza kwa nini. Tangu mazishi hajala chakula cha mkono wangu. Kaneza alipanda Murukulazo kumwomba tuliandike jina lake juu, mahali pake, kabla ya letu. Alimkuta anapalilia maharage. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akainama akaendelea kupalilia. Kuliandika bila yeye kukubali nimeona ni kumwibia, na kuliacha nimeona ni kumfukuza.

Karatasi hii itasomwa baada ya misa huko Murukulazo, mama akiwa amekaa na wazee wenzake. Wewe unayeisoma, ukifika hapa nakuomba unyamaze kidogo, umgeukie.

Mama Nyirabahizi, shikamoo. Ni mimi Irine, mke wa Fabrice. Nakuomba mbele ya watu hawa, jina lako lisomwe pamoja na letu?