Herufi za Samadi ya Ndama

Igurwa, Karagwe
22 Februari 1987

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na lile goti linakuruhusu kufika shambani. Huku sisi wazima. Placida ameota jino la pili na sasa ananing'ata akinyonya. Shikamoo na wewe Katekista Xaveri, unayemsomea mama barua hii na kuniandikia majibu yake. Hapa soma kwa sauti, usiruke: ni mwandiko wako unaoninyima utulivu.

Mama, barua zako nikishasoma maneno narudi kutazama herufi tu. Ile Y ya Katekista ina mkia kama ndama anayekimbia. K imetanguliza mguu kama mtu anayetoka kwake asubuhi. Mimi niliishia darasa la tatu, herufi zangu zimesimama kama miti ya zizi. Siku hizi mkono hautulii. Naandika kwenye unga kabla ya kusonga ugali, naandika kwa mkaa jikoni, juzi nimeandika kwa kidole mgongoni mwa Placida nikimwogesha, akacheka sana. Baba yake, Anastazi, ananiambia, "Mama Placida, nikilala vibaya utaniandika na mimi."

Sasa nimejitia jambo. Kanisa dogo la kigango chetu limekwisha kujengwa, ukuta wa mbele mtupu. Mzee Melkiory, mwenyekiti, akasema itabidi aitwe fundi wa rangi kutoka Bukoba. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitaandika mimi." Watu walicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini mzee akasema sawa, una muda mpaka Pasaka, padre atakuja kubariki. Mama mkwe Costansia amenuna. Anasema nikiaibisha nyumba yake, asinione tena na kalamu wala mkaa. Na mimi najijua, nikishindwa hili sitathubutu lingine.

Rangi sina. Ila nakumbuka ile mistari uliyoinua ukutani kwa vidole nilipokuwa mdogo. Ulichanganya nini?

Ni mimi binti yako,
Kantengwa


Isingiro
8 Machi 1987

Mwanangu Kantengwa,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ni lile lile, tumeshazoeana. Mbusu mjukuu wangu, na umpe kidole cha kutafuna badala ya ziwa.

Barua yako imenitoa jasho. Wewe na kanisa! Hukuona wanaume? Nimekaa siku tatu bila kujibu kwa hasira, ya nne nikajikuta nakoroga samadi. Basi sikia. Chukua samadi ya ndama anayenyonya, iliyo laini, kabla haijaguswa na jua. Changanya na majivu ya maganda ya ndizi mpaka ishike kidoleni isidondoke. Chora kwanza kwa mkaa, kisha inua mstari kwa kidole, polepole, kama unafunga mdomo wa chungu. Kule tulikotoka mama yangu alipamba hivyo ukuta wa ndani, pale anapolaza wageni.

Na sikia hili hasa: usipande ngazi. Kwetu mwanamke hapandi ukuta wala paa, na mama mkwe wako analijua hilo, anakungoja tu ukosee. Andika pale mikono inapofika ukiwa umesimama chini.

Mimi mama yako,
Nyirabageni

Hapa ni mimi Xaveri. Nimekuandikia herufi zote nyuma ya karatasi, kubwa, uige. Mama yako alinisimamia akisema Y haina mkia wa kutosha.


Igurwa
30 Machi 1987

Mama yangu,

Shikamoo. Hali zetu za mwili ni nzuri. Za moyo usiulize.

Niliandika MTAKATIFU YOSEFU UTUOMBEE. Herufi ishirini na tatu, siku tisa, Placida mgongoni. Niliziweka usawa wa kifua kama ulivyosema. Mama, zilitoka! F ilisimama kama mtu aliyebeba kuni. Hata Mama Costansia alipita akajifanya anatafuta kuku, kumbe anatazama.

Jana jioni ng'ombe wa jirani yetu Sebahire walipita kwenda kunywa maji. Wakanusa. Wakalamba. Unajua majivu ya ndizi yana chumvi. Nilipofika na fimbo, zimebaki MTA na mkia wa Y. Leo kisimani nimepokelewa kwa kicheko. Mzee Melkiory ananiambia, "Mama Placida, ng'ombe wa Sebahire wamekupita, wameshamaliza darasa la tatu lote." Nimecheka nao, nikaja kulia shambani.

Nikiandika upya watalamba tena. Juu siruhusiwi kupanda. Pasaka ni tarehe kumi na tisa. Wa kwenu waliwazuiaje ng'ombe? Jibu upesi.

Binti yako,
Kantengwa


Igurwa
9 Aprili 1987

Mama,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mbona kimya? Goti? Au Katekista mgonjwa? Kila anayetoka Isingiro namsimamisha njiani. Nimeanza kuandika upya, sijui kwa nini. Anastazi anawafukuza ng'ombe jioni, lakini hawezi kulinda ukuta maisha yake yote. Mama mkwe amesema neno moja tu: "Acha." Sijaacha. Nitumie hata salamu.

Kantengwa wako


Igurwa
26 Aprili 1987

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Natumaini barua hii inamkuta Katekista amerudi kutoka semina ya Rulenge, akusomee. Kakuru mchuuzi wa ng'ombe ndiye aliyenieleza kwamba alikusomea ile barua ya ng'ombe akaondoka siku ile ile, na hukuwa na wa kukuandikia. Alinikabidhi bahasha yako Jumatatu kabla ya Pasaka.

Nilifungua nikakuta karatasi haina hata neno. Nikaigeuza. Mistari yako mitatu tu, ile ya kupanda na kushuka, umeichora kwa kitu cheusi, na kipande cha jani la mshubiri kimenata kwenye kona. Nikaligusa, nikalamba kidole. Mama, uchungu ule! Nikapiga kelele, Placida naye akapiga. Nikaelewa. Kwenu ukuta ulikuwa wa ndani, ng'ombe hawafiki, ndiyo maana hukukumbuka kuniambia kwamba mstari wa nje unamalizwa kwa maji ya mshubiri na masizi.

Unajua nilichemsha na nani? Mama Costansia. Alikuja na panga na mzigo wa mshubiri, akasema, "Sufuria yangu ukiiharibu utanunua." Tulipaka mpaka Ijumaa Kuu. Herufi zikawa nyeusi, zinang'aa.

Jumamosi Sebahire mwenyewe akaleta ng'ombe wake makusudi, kijiji kizima kinatazama. Yule mwekundu akaweka ulimi kwenye M, akautoa, akatikisa kichwa, akamtazama Sebahire kama anamdai jibu. Mzee Melkiory akasema, "Huyu amefukuzwa shule." Hapo ndipo kicheko kilipogeuka kikawa changu.

Padre alisoma kwa kidole, maana ziko chini, zinafikika. Watoto wanafanya vivyo hivyo kila siku. Alipofika mwisho akauliza, "Na hii baada ya E ni herufi gani?" Kwa sababu baada ya UTUOMBEE niliweka mistari yako mitatu. Nikamwambia, "Hiyo ni mama yangu, yuko Isingiro." Akapitisha kidole na hapo pia.

Mama mkwe anataka mlango wake uandikwe. Sijui niandike nini, mkono umeshaanza.

Katekista akisafiri tena usikae kimya. Chora ile mistari tu, umpe Kakuru. Nitasoma.

Binti yako,
Kantengwa